Mkono Wangu Ukisimama, Pesa Nayo Inasimama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mchoraji. Nina miaka 36, nimeolewa na tuna watoto wawili. Nachora nembo, majalada ya vitabu, mabango, vifungashio vya bidhaa, chochote mteja anachohitaji. Kazi sikosi na wateja wananisifu. Tatizo langu ni kwamba kila kazi inaishia palepale ninapolipwa. Nikimaliza nembo moja naanza kusaka nyingine. Mwezi ukiisha, hakuna kitu ulichoniachia cha kuanzia mwezi unaofuata isipokuwa maumivu ya mgongo.

Mwaka jana nilianguka nikavunjika kifundo cha mkono ninaochorea. Kwa wiki kadhaa sikuweza hata kushika penseli. Wateja walinipa pole, kisha wakaenda kwa wachoraji wengine, na siwalaumu, maana walikuwa na tarehe zao za kutimiza. Tukaishi kwa mshahara wa mume wangu huku akiba ikipungua. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ambayo mpaka leo haijaniachia. Nilijiuliza: je, ningevunjika vibaya zaidi?

Nilipopona nikakutana na jambo lingine lililoniuma. Miaka michache iliyopita nilimchorea mteja mmoja, ambaye ni kampuni, picha ya kalenda yao. Walilipa mara moja, tukaagana vizuri. Sasa picha ileile iko kwenye fulana, madaftari na mikoba wanayouza. Nilipowaandikia, wakanijibu kwamba nilishalipwa. Hatukuwa na mkataba. Tulikubaliana kwa ujumbe wa simu tu, wakasema wanataka "picha ya kalenda ya mwaka mpya".

Tangu hapo nimeamua lazima nijenge kipato kinachoendelea kuingia hata nisipofanya kazi siku hiyo. Lakini ushauri ninaopata unanivuta huku na huku. Rafiki yangu ameniingiza kwenye kundi la uwekezaji linalolipa asilimia 10 kila mwezi, na ukileta mtu unaongezewa. Amenionyesha jumbe za malipo kwenye simu yake, ni za kweli. Mume wangu anataka tuchukue mkopo tujenge vyumba vya kupangisha. Mimi mwenyewe nimekuwa nikitazama video za watu wanaosema acha kuuza muda wako, tengeneza bidhaa uziweke mtandaoni, pesa iingie umelala. Nimefikiria kukataa kazi zote za wateja kuanzia mwezi ujao, niishi kwa akiba iliyobaki, nichore tu vitu vya kuuza mtandaoni.

Shangazi, sitafuti utajiri. Nataka tu siku mkono huu ukisimama tena, pesa isisimame siku hiyohiyo. Nianzie wapi?

Mchoraji mwenye hofu

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mkono, na pole kwa hofu uliyobaki nayo. Barua yako ina maswali kadhaa ndani yake, na moja haliwezi kusubiri, kwa hiyo naanza nalo.

Usiweke pesa yoyote kwenye kundi la rafiki yako. Piga hesabu uone. Pesa inayozaa asilimia 10 kila mwezi, ukiiacha iendelee kuzaa, 100 inakuwa takriban 314 kwa mwaka mmoja, na kwa miaka 5 inapita 30,000. Mtu mwenye biashara ya namna hiyo angekopa benki akatajirika peke yake. Asingekuwa na haja ya kukusanya akiba za watu wa kawaida na kuwapa zawadi kwa kuleta ndugu zao. Mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Waliotangulia walilipwa kweli, tena kwa wakati, na malipo hayo ndiyo yaliyowavuta maelfu wengine. Walikuwa wakilipwa pesa za waliokuja nyuma yao. Bernard Madoff, Mmarekani mwingine aliyeendesha mchezo huohuo hadi akakamatwa Desemba 2008, alikuwa mjanja zaidi. Hakuahidi maajabu, alionyesha faida ya kiasi isiyoyumba mwaka hadi mwaka, na taarifa alizowapelekea wateja wake zilijumlisha takriban dola bilioni 65, nyingi zikiwa za kwenye karatasi tu.

Kwa hiyo jumbe za malipo ulizoonyeshwa zinaweza kuwa za kweli na bado zisithibitishe chochote. Swali la kuuliza ni hili: faida inatoka wapi, nani ananunua nini? Kama hakuna anayenunua kitu, na kinachoingia ni michango ya wanachama wapya, mwambie rafiki yako kwa upole asiingize mtu mwingine. Najua itakuwa vigumu kumwambia. Mwambie hivyo hivyo, kwa sababu atakaowaleta ni watu wake wa karibu, na siku malipo yatakapokatika watamtazama yeye.

Sasa tuje kwenye picha ya kalenda, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu lako iko hapo.

Kila unapochora unazalisha vitu viwili. Kimoja ni kazi ya mikono na akili yako kwa saa ulizokaa mezani. Kingine ni haki ya kuutumia mchoro ule, na haki hiyo inaendelea kuishi baada ya wewe kuweka penseli chini. Umekuwa ukiuza cha kwanza na kukitoa cha pili bure. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 180, unasema hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe. Huhitaji kuisajili ndipo iwe yako. Muda wa chini ambao mkataba huo umeuweka kwa kazi za sanaa kwa jumla ni maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Sanaa inayohesabiwa kuwa ya kupamba bidhaa inaweza kupewa muda mfupi zaidi, lakini usiopungua miaka 25. Maana yake ni kwamba mchoro uliouchora ukiwa na miaka 30 unaweza kuwalipa wajukuu zako. Unahangaika kutafuta mali inayozaa, mwanangu, na miaka yote hii mali imekuwa ikizaliwa mezani pako na kuondoka na mteja.

Nisikupe matumaini yaliyozidi. Ungekuwa mwajiriwa, katika nchi nyingi haki ya michoro ya kazini ingekuwa ya mwajiri. Zipo pia nchi ambazo sheria zake zinampa haki fulani mtu aliyeagiza kazi. Lakini mchoraji wa kujitegemea ambaye hakusaini popote kwamba amehamisha haki zake, mara nyingi bado ndiye mwenye mchoro, na mteja ana ruhusa ya kuutumia kwa lile walilokubaliana. Kwenu lililokubaliwa ni kalenda. Ule ujumbe wa simu unaouona mdogo ni ushahidi. Upige picha, uhifadhi nakala kwenye barua pepe na mahali pengine nje ya simu. Kusanya pia picha za hizo fulana na mikoba zenye tarehe, risiti ya malipo uliyopokea, na faili zako asilia zinazoonyesha ulianza kuchora lini. Kisha umwone mwanasheria anayejua hakimiliki, au ofisi inayoshughulikia hakimiliki nchini kwako, kabla hujaandika barua nyingine kwa kampuni ile.

Nikikuambia ninachotamani kwako, si kesi ndefu. Ni kikao kitakachozaa leseni, yaani ruhusa ya maandishi ya kutumia mchoro wako: walipe kwa matumizi waliyokwisha kufanya bila ruhusa, na kuanzia sasa wakulipe mrabaha, yaani fungu dogo la pesa kwa kila kinachouzwa chenye mchoro wako. Wana bidhaa zinazotembea sokoni na mchoro wako, na wewe una haki wanayoihitaji. Hapo pana biashara.

Kuna mchoraji mwenzako ambaye habari yake inafaa hapa. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, akiwa mwanafunzi wa ubunifu, alichora alama ya kampuni ya Nike ambayo leo inatambulika dunia nzima. Alilipwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ikampa hisa kama shukrani. Dola 35 zilikuwa malipo ya saa zake na ziliisha. Hisa zilimfanya awe na sehemu katika kile ambacho saa zile zilisaidia kukijenga, na thamani yake ikaendelea kukua kadiri kampuni ilivyokua. Ila hisa zile zilikuwa hiari ya wakubwa wa kampuni; hakuna karatasi iliyowalazimisha. Mimi sitaki kipato chako cha uzeeni kitegemee mtu kuamka na moyo mwema.

Kwa hiyo, kuanzia kazi ijayo, acha kuuza mchoro na uanze kuuza ruhusa ya kuutumia. Si lazima mkataba uwe mrefu. Ukurasa mmoja unatosha kama unasema mchoro utatumika kwa kitu gani, katika nchi gani, kwa muda gani, mteja ana haki hiyo peke yake au unaweza kuwapa wengine pia, na matumizi yoyote nje ya hayo yanahitaji makubaliano mapya. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ingekuokoa kwenye zile fulana. Mchoro wa jalada la kitabu unaweza kuwa wa kitabu hicho tu, kwa lugha hiyo tu. Kikitafsiriwa, wanarudi kwako. Mchoro wa bidhaa za kuuzwa unaweza kuwa na malipo ya awali yanayokatwa kwenye mrabaha, kisha asilimia ya mauzo.

Kwenye mrabaha kuna mitego miwili ambayo watu wengi wanaigundua wakiwa wamechelewa. Wa kwanza: usikubali asilimia ya faida. Dai asilimia ya mauzo. Faida ni tarakimu ambayo mhasibu wa kampuni anaweza kuipunguza hadi sifuri kwa kuongeza gharama za ofisi, magari na matangazo, na kila kitu kikawa halali kabisa kwenye vitabu. Mauzo ni vigumu zaidi kuyaficha. Asilimia ndogo ya mauzo ina thamani kuliko asilimia nono ya faida ambayo haitaonekana kamwe. Wa pili: lazima uwe na haki ya kupewa taarifa ya mauzo kila robo mwaka au nusu mwaka, na haki ya kumtuma mhasibu akague vitabu ukiwa na shaka. Bila hiyo utalipwa kiasi ambacho wao wameamua kukuambia.

Wapo wateja ambao hawawezi kukubali leseni ya mipaka, na wana sababu ya msingi. Nembo ni mfano. Kampuni haiwezi kujenga jina lake juu ya alama inayomilikiwa na mtu mwingine. Hao wauzie haki zote, ila bei iwe ya haki zote, na iandikwe hivyo. Usione aibu kutaja bei mbili, ya matumizi yenye mipaka na ya kumiliki moja kwa moja, ukamwacha mteja achague. Wengi watachagua ya chini, na wewe utabaki na mchoro.

Rudi pia kwenye makabati yako ya zamani. Una miaka ya michoro: ile iliyokataliwa, rasimu ambazo mteja hakuzichagua, kazi ambazo ruhusa yake iliishia kwenye tukio lililopita. Tenga zile ambazo hakuna karatasi wala ujumbe unaoonyesha umeziuza zote. Hapo ndipo bidhaa zako za kwanza zilipo, na wala hazihitaji uache kazi mwezi ujao.

Na kuhusu kuacha kazi za wateja, naomba usifanye hivyo. Nimewaona wengi wakivutwa na maneno ya "pesa inaingia umelala" na kusahau miaka ya kutolala iliyotangulia. Kipato cha namna hiyo kinajengwa kwa moja ya mambo mawili, ama kazi nyingi iliyofanywa mapema bila kulipwa, ama mtaji mkubwa uliowekwa mahali. Wewe mtaji huna bado. Kazi ya mapema unaiweza, lakini ukiifanya huku akiba inakwisha, hofu itakufanya uchore haraka, uuze rahisi na kukubali masharti mabaya. Kazi za wateja ndizo zitakazogharimia ujenzi wako.

Kinachohitajika kwanza ni kuzifanya kazi hizo zisiwe za kukatikakatika. Kati ya wateja wako, bila shaka wapo wawili au watatu wanaorudi kila mara. Wafuate hao uwape mkataba wa mwezi: kiasi fulani cha kazi, malipo fulani, tarehe fulani, kwa miezi 12, na notisi ya mwezi mmoja au miwili kwa anayetaka kuacha. Wao wanapata uhakika kwamba hutawakosa wakikuhitaji, wewe unapata mwezi ambao haujaanza na tayari una kitu. Mtu akikuambia huo si kipato cha kulala, mwambie ni kweli. Lakini ungekuwa na mikataba miwili ya aina hiyo mwaka jana, wateja hao wasingeondoka wiki ile uliyovunjika. Ungekuwa na muda wa notisi, na nafasi ya kumpa mchoraji mwenzako kazi hiyo kwa malipo huku ukisimamia ubora ukiwa umefunga bandeji. Na mwenzako huyo mtafute sasa, ukiwa mzima. Kubalianeni kwamba mmoja akiugua mwingine anashika kazi zake na kuzirudisha.

Pesa ya kwanza itakayobaki usiiwekeze popote penye hatari. Irudishe ile akiba iliyopungua, mpaka ifike matumizi ya nyumba ya miezi 3 hadi 6, na iwe mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku chache. Ulizia pia bima ya ajali inayolipa mtu anaposhindwa kufanya kazi. Kwa mchoraji, mkono ndio kiwanda, na viwanda hukatiwa bima.

Baada ya hapo ndipo bidhaa za mtandaoni. Nakusihi usianze na kile unachopenda kuchora. Anza na kile ambacho wateja tofauti wamekuomba tena na tena. Kama kila mwenye biashara ndogo anakuomba kadi, kipeperushi na bango vinavyofanana, tengeneza seti ya violezo wanavyoweza kujaza wenyewe. Kama wachoraji wachanga wanakuuliza unavyopangilia rangi, hilo ni somo unaloweza kulirekodi mara moja na kuliuza miaka.

Ujue tu kwamba majukwaa ya kuuzia si yako, na mwenye jukwaa hubadilisha masharti anapotaka. Mwaka 2020 Shutterstock, inayouza picha na michoro, ilianza kuwalipa wachangiaji wake kwa madaraja ya asilimia 15 hadi 40 kulingana na wingi wa mauzo yao, na kila tarehe 1 Januari kila mmoja akarudishwa daraja la chini kabisa kuanza upya. Mtu aliyekuwa amepakia maelfu ya picha akiamini amemaliza kazi, aliamka akakuta kipato kimeshuka bila yeye kukosea chochote. Sasa kuna na programu zinazotoa picha kwa kuandikiwa maneno tu, na michoro ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kuichora ndiyo inayoumia kwanza. Uza kwenye majukwaa zaidi ya moja, na jenga orodha yako mwenyewe ya barua pepe za wanunuzi, waliokubali kuandikiwa. Jukwaa likikufungia, orodha hiyo inabaki kwako. Na uelekeze nguvu kwenye michoro yenye mkono wako, ambayo mtu akiiona anakujua.

Tenga siku kila mwezi ya kuhudumia vitu hivyo: kujibu wanunuzi, kurekebisha faili zilizopitwa na wakati, kuondoa visivyouzika, kufuatilia mrabaha ambao haujalipwa. Na kumbuka mrabaha unatozwa kodi, mara nyingi hata kabla haujakufikia, kwa hiyo usipange matumizi kwa tarakimu iliyo kwenye mkataba.

Sasa mtaji. Sehemu ya kila malipo, iwe ya kazi au ya mrabaha, ipeleke kwenye uwekezaji unaoeleweka, kama hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) au mifuko ya pamoja (pesa za wengi zinazowekezwa kwa pamoja) yenye gharama ndogo, kila mwezi bila kusubiri mwezi mzuri. Nikupe picha ya kweli ya mwendo wake. Ukiweka 10 kila mwezi, na faida ikawa wastani wa asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka 5 utakuwa umeweka 600 na fungu litakuwa kama 716. Hapo wengi hukata tamaa, kwa sababu miaka mitano imeleta ongezeko la 116 tu. Lakini ukiendelea hadi miaka 20, utakuwa umeweka 2,400 na fungu litakuwa limefika takriban 5,200. Kazi kubwa inafanyika katika ile miaka ambayo wengi hawaifikii.

Utaweza kutoa kiasi gani bila kulimaliza fungu? Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichambua historia ya masoko ya nchi hiyo akaona kwamba mstaafu aliyeanza kwa kutoa asilimia 4 ya fungu lake, kisha akawa anaongeza kwa kadiri bei zinavyopanda, fungu lilidumu angalau miaka 30. Ni historia ya nchi moja na si ahadi kwa mtu yeyote, ila inasaidia kupima ukubwa wa safari: kuishi kwa uwekezaji peke yake kunahitaji fungu la takriban mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Zile 5,200 zingekupa kama 17 kwa mwezi. Sikuandikii haya kukuvunja moyo. Nataka uone kwamba kwako, kwa miaka mingi ijayo, haki za michoro na mikataba ya mwezi zitabeba mzigo mkubwa kuliko fungu, na fungu litakuwa linakua nyuma yake. Angalia pia ada unayotozwa na wanaosimamia uwekezaji wako. Ukipata asilimia 7 kwa miaka 30, 100 inakuwa takriban 760. Ada ikila asilimia 2 kila mwaka, unaishia na kama 430. Ada inayoonekana ndogo imekula zaidi ya theluthi moja ya kila kitu.

Na mume wako. Hakukosea kufikiria vyumba, na nimefurahi kuona anawaza nawe badala ya kukuachia hofu peke yako. Mashaka yangu ni mkopo. Kaeni pamoja mwandike kodi ya mwaka mzima, kisha mtoe miezi ambayo chumba kitakaa wazi, matengenezo, kodi ya serikali, na mpangaji atakayechelewa. Kinachobaki kigawanyeni kwa gharama yote ya kujenga, muone ni asilimia ngapi kwa mwaka. Kama riba ya mkopo ni kubwa kuliko asilimia hiyo, nyumba itakuwa inakula mshahara wa mume wako, ule uleule uliowashikilia ulipovunjika. Mkopo hauna huruma na kifundo cha mkono. Akiba ikishatimia na mikataba yako ikitulia, rudini kwenye hesabu hiyohiyo, huenda ikatoa jibu tofauti. Kujenga chumba kimoja kimoja kwa pesa yenu ni pole pole, lakini hakuna anayeweza kuiuza nyumba yenu kwa sababu mmekosa malipo ya mwezi.

Lakini usiyasubiri yote hayo ndipo uende kwa mwanasheria. Madai ya hakimiliki yana muda wake wa kisheria, na muda huo unatofautiana nchi na nchi. Nenda wiki hii ukiwa na ujumbe ule wa "picha ya kalenda" na picha za fulana. Kampuni ikikujibu, niandikie kabla hujasaini chochote, unieleze mrabaha wanaotoa ni wa mauzo au wa faida.

Wako,
Shangazi